«Madame, Tufanye Kama Hatukujui»: Kujitayarisha kwa Mahojiano ya Kazi Yako Mwenyewe

Alhamisi ya juma lijalo, saa tatu asubuhi, nitaketi mbele ya watu watano ili wanipime kama ninafaa kwa kazi ambayo naifanya huu karibu mwaka wa nne. Darasa ni lile lile. Ubao ni ule ule, wenye ufa upande wa kushoto. Ufunguo wa kabati la vitabu uko kwangu hata sasa, katika likizo hii kubwa. Lakini kwa karatasi mimi ni mtu anayepita tu: mwalimu wa muda, anayeshika nafasi mpaka mwenyewe apatikane.

Ninaandika haya kwa sababu katika mkutano wetu uliopita wamama watatu waliniambia kwamba wana jambo kama langu. Mmoja anafundisha shule ya msingi, wa pili ni muuguzi katika kituo cha afya, wa tatu ni asistante katika chuo na mandati yake inakaribia kuisha. Wote wataitwa kujibu maswali juu ya kazi wanazozifanya tayari. Na wote watatu walisema neno moja, lile ambalo hata mimi nililisema mwaka jana: «Hawana la kuniuliza. Wananijua.»

Mwaka jana nilisema hivyo, na nafasi ikaenda kwa mwingine.

Nawaeleza ilivyokuwa. Nilifika na kitenge kizuri na mikono mitupu. Prefe alikuwa ameketi katikati. Kando yake kulikuwa na mjumbe wa ofisi inayosimamia shule zetu (shule yetu ni ya serikali lakini inaongozwa na kanisa, kama nyingi tangu mapatano ya mwaka 1977), kisha inspekta, mwalimu mmoja wa zamani, na baba mmoja wa kamati ya wazazi. Watatu kati yao nilikuwa nikiwasalimu kila siku. Na yule mwalimu tulizoea kugawana karanga saa ya mapumziko. Nilipoingia nilicheka, nikasema, «Jamani, leo mmevaa kama watu wa harusi!» Hakuna aliyecheka.

Swali la kwanza lilikuwa nijieleze. Nikaanza na bwana yangu, watoto wangu, avenyu tunakokaa huku Kadutu. Inspekta akatazama saa yake. Swali la pili: katika miaka hii mitatu umefanya nini? Nikajibu, «Nimefundisha Kifaransa.» Kimya. Nikaongeza, «Darasa la saba na la nane.» Kimya tena. Nikamgeukia prefe: «Lakini Bwana Prefe, si wewe unajua?» Ndipo yule mjumbe, ambaye sikuwahi kumwona, akasema kwa sauti ya upole, «Madame, tufanye kama hatukujui.»

Sikuwa na la kusema. Miaka mitatu mizima, na sikuwa na la kusema kwa mtu asiyenijua.

Kijana aliyeingia baada yangu alikuwa na leseni na faili ya plastiki iliyojaa kurasa. Alipewa nafasi. Kabla ya Krismasi akapata kazi katika shirika moja kule Goma, akaenda zake, na simlaumu. Mwenye njaa hachagui shamba. Mimi kuanzia Septemba niliuza mandazi mlangoni kwangu, nikiwa na mimba iliyokwisha kuonekana. Wanafunzi wangu wa zamani walipopita walinunua, wakanisalimu «Bonjour Madame» kwa sauti ya huruma. Sauti ile sitaisahau. Januari nikaitwa kurudi katika darasa lile lile, kwa muda tena, na mtoto wa wiki sita mgongoni mwa mama mkwe wangu.

Nilipokwisha kurudi nilikwenda kumwona prefe ofisini mwake, nikamuuliza bila kuzunguka: juu ya nini hukunisemea? Alinyamaza kidogo, kisha akanijibu neno ambalo ndilo limenifanya niandike leo. Akasema: «Nilijua unafundisha vizuri. Lakini kila mmoja wetu alikuwa na karatasi ya alama, na katika karatasi ile hatuandiki tunayoyajua. Tunaandika uliyoyasema.»

Wenzangu, anayekuona kila siku anaona kwamba upo. Anaona umefika mapema, hujagombana na mtu, darasa lako halina makelele. Hajui umefanya nini ndani ya darasa lile, kwa sababu hakuna siku uliyomwambia. Na yule mgeni kutoka ofisi ya juu ana haki ya kutokujua kabisa.

Kabla sijasema ninavyojitayarisha, ngoja kwanza niseme tunachokitafuta, kwa maana neno «kudumu» linatudanganya wengi. Kwetu walimu kuna hatua tatu, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kupangwa: unapewa komisio ya afektasio, barua inayosema wewe ni nani, unafundisha nini, wapi. Ya pili ni kuandikwa: dosie yako inapelekwa kwa DINACOPE, ile ambayo wengi wetu tunaendelea kuiita SECOPE, unapewa matrikile, jina lako linaingia katika orodha. Ya tatu ni kulipwa. Kati ya hatua ya kwanza na ya tatu kuna walimu wamezeeka. Ninyi mnawajua, ndio wale tunaowaita N.U., na kuna wengine wenye matrikile ambao mshahara haujawahi kuwafikia.

Sasa, tangu Septemba 2019 masomo ya shule za msingi za serikali ni ya bure, kama kifungu cha 43 cha Katiba kinavyoagiza. Ni jambo jema, na sitaki mtu anisome vibaya. Lakini kwetu sekondari wazazi bado wanalipa, na mwalimu asiye katika orodha anaishi kwa ile prime inayotoka kwa wazazi. Wazazi wakikosa, mwalimu anakosa. Na shule ikifungwa mwanzoni mwa Julai, prime inafungwa pamoja nayo. Bwana yangu ni seremala. Kuna mwezi wa vitanda vitatu na kuna mwezi wa kiti kimoja. Julai na Agosti nyumba yetu inakula mandazi kwa njia mbili, kwa maana tunayauza, na yaliyobaki tunayala.

Kwa hiyo nafasi ya kudumu si heshima tu. Lakini pia si mshahara wa kesho asubuhi, na mtu akienda mahojiano bila kujua hilo anaweza kushangilia barua ambayo haitamlisha. Mwaka huu, watakaponiuliza mwishoni, «Madame, una swali?», sitasema «hapana, asante» kama mwaka jana. Maswali yangu nimeyaandika. Nafasi hii imo katika hesabu ya serikali, au ni ya prime tu? Komisio ya afektasio itatoka siku gani na nani ataitia sahihi? Dosie yangu itapelekwa na nani, nami nitapata karatasi ya kuonyesha kwamba imepokelewa? Wakati wa kungoja, prime inaendelea? Na hii miaka minne, itahesabiwa au nitaanza kama aliyetoka chuoni jana? Nilikuwa nikidhani kwamba kuuliza hivyo ni utovu wa adabu. Yule mama asistante alinisahihisha: kuomba bila kuuliza, akasema, ndiko kunakowafanya wadhani hukuihitaji kazi sana.

Basi, matayarisho. Yalianza Februari, si juma hili, na ninafikiri hapo ndipo kuna tofauti.

Nilinunua daftari la kurasa 96 na kila jioni, maharagwe yakiwa motoni, niliandika mistari michache. Si jurnali ya darasa, ile ya shule ninayo na inspekta anaisoma. Hili ni langu. Niliandika ni nani aliyepotea leo, ni nini nilichojaribu, kilifaa au hakikufaa. Siku nyingine niliandika «nimechoka» na kulala. Lakini nilianza na hesabu moja, na hesabu hiyo ndiyo imekuwa mali yangu. Darasa la 7 B lilikuwa na wanafunzi 58. Niliwaita mmoja mmoja, saa ya mapumziko, kila mmoja anisomee mistari mitano kwa sauti. Waliokwama kabla ya kufika mwisho walikuwa 23. Watoto wa sekondari, na wana cheti cha shule ya msingi!

Vitabu vilikuwa kumi na moja kwa darasa zima. Nikaomba mifuko ya saruji kwa fundi anayejenga jirani, nikaifumua, nikapanguza vumbi, na kwenye karatasi zile za kahawia niliandika kwa makeri makubwa hadithi fupi za Kifaransa juu ya mambo wanayoyaona: mashua zinazofika bandarini alfajiri, mama anayeuza sambaza, maji yaliyokatika karitieni, moto uliokula nyumba za mbao. Katika kila benchi niliketisha anayesoma vizuri kando ya anayekwama. Dakika kumi mwanzoni mwa kila saa ya Kifaransa, mmoja anasoma, mwenzake anarudia, halafu wanabadilishana. Makelele yalikuwa mengi hata mwenzangu wa Jiografia akaja kulalamika. Mwezi wa Juni niliwaita tena mmoja mmoja. Waliokwama walikuwa tisa. Tisa ni wengi bado, na majina yao ninayo, na nikipewa darasa Septemba najua ni akina nani nitakaowaketisha mbele.

Hilo ndilo jibu la swali «umefanya nini?». Nililifanya kwa miezi mitano. Mwaka jana pia nilikuwa na mambo ya namna hiyo, ya miaka mitatu, lakini yalikuwa yamemwagika kama maji, sikuyachota. Kama wewe ni muuguzi, una mambo yako ya kuhesabu: wamama uliowafundisha kunyonyesha, watoto waliorudi kwa chanjo ya pili kwa sababu ulikwenda kuwatafuta nyumbani. Anza leo hata kama mahojiano ni kesho kutwa. Keti na mwenzako anayekumbuka, mwulize, «Mwaka ule tulifanya nini?» Utashangaa.

Kuna swali lingine ambalo najua litakuja, kwa kuwa inspekta alimwuliza yule kijana na mlango ulikuwa wazi: tupe mfano wa kosa ulilolifanya kazini, na ulijifunza nini. Wengi wetu tunajibu kwa kujisifu: «Kosa langu ni kwamba ninafanya kazi kupita kiasi.» Tafadhali, tusiseme hivyo. Mimi nitasema la kweli. Katika mwaka wangu wa pili kulikuwa na msichana wa darasa la nane aliyekosa shule majuma matatu. Kila asubuhi niliweka alama ya kutokuwepo na kuendelea. Niliona ni kazi ya ofisi, si yangu. Aliporudi nilimkaripia mbele ya wenzake. Ndipo rafiki yake akaniambia baadaye kwamba mama yake huvuka mpaka kila siku kwenda Kamembe kufanya biashara ndogo, na mtoto mchanga wa nyumbani alikuwa mgonjwa, hakukuwa na mwingine wa kumshika. Sote tunaishi hapa, tunawajua wamama wanaovuka Ruzizi alfajiri na kurudi jioni. Na mimi mama sikuuliza. Tangu siku ile, mtoto akikosa siku tatu ninatuma neno nyumbani kwa njia ya jirani yake wa darasani. Nitaisema hadithi hii ingawa hainipendezi. Nimeijaribu mara nyingi na bado koo linakauka pale penye kumkaripia.

Karatasi zenyewe sitazirefusha, kila ofisi ina orodha yake: diploma, kadi ya mpiga kura, barua ya kuomba kazi, maelezo ya maisha, cheti cha daktari, cheti cha kutokuwa na makosa mahakamani. Neno moja tu: peleka kopi zilizotiwa muhuri kwenye komini, diploma yenyewe irudi nawe nyumbani. Mama mmoja aliacha ya asili katika ofisi fulani, ofisi ikahama, na mpaka leo anaitafuta. Lakini karatasi ambayo wengi wanaisahau ni ile inayoshuhudia kazi uliyokwisha kuifanya, yenye tarehe za kuanza na za kuisha, sahihi na muhuri. Bila hiyo, miaka yako ni maneno. Mimi nilimwendea prefe mara tatu kuipata, na mara ya tatu nilikuwa nimeiandika mwenyewe, akabaki kuisoma na kutia sahihi. Ongeza previzio za masomo, jurnali ya darasa, fishi za maandalizi mbili au tatu zilizo safi, daftari la alama. Si kwa kuwalundikia. Ni ili swali likija, mkono wako uwe na pa kwenda.

Sasa lugha. Mahojiano ni kwa Kifaransa, lugha ya ofisi. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, nina gradua ya chuo cha ualimu, na bado nawaambia: Kifaransa changu cha darasani kiko sawa, Kifaransa cha kujitetea ndicho kinachonitoroka. Moyo ukipiga, maneno yanarudi Kiswahili, na nyuma ya Kiswahili kuna Mashi. Kwa hiyo ninajizoeza kwa sauti. Si kwa macho, kwa sauti. Mtoto wangu wa kwanza, aliyemaliza darasa la sita, ndiye mwenyekiti wa kamati; anakaa kwenye kiti cha baba yake na kuniuliza, naye anafurahia mno kunikatiza. Sijakariri majibu, kwa maana jibu la kukariri likikatwa katikati hujui pa kurudi. Nimekariri sentensi ya kwanza tu ya kila jibu. Ile inafungua mlango, mengine yanafuata. Na kama neno la Kifaransa halipo, nitatumia jepesi zaidi. Inspekta hataki maneno ya bungeni.

Kuna somo la kujaribiwa pia, na kwa kuwa wanafunzi wako likizoni, wanakamati wenyewe ndio watakuwa darasa la saba. Fikirini: inspekta mwenye mvi, ameketi kwenye benchi ya mtoto, na mimi nimpe zoezi. Hatua zake tunazijua wote tuliopita katika ualimu: kukumbusha somo lililopita, kuamsha hamu, kutaja somo la leo, uchambuzi, muhtasari, zoezi la mwisho. Nina nusu saa badala ya dakika 50. Mwenzangu aliyepita katika mtihani kama huo alinionya kwamba wengi hula wakati wote katika uchambuzi, zoezi halifikiwi, na kumbe zoezi ndilo linaloonyesha kama watu wameelewa. Mimi ningeanguka hapo hapo, napenda kueleza. Kwa hiyo nimekata uchambuzi wangu mara mbili, na nitaleta karatasi moja ya mfuko wa saruji.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo gazeti hili lazima liliseme. Mwaka jana, yule baba wa kamati ya wazazi alinitazama tumboni na kuuliza: «Na hiyo mimba, Madame, tutafanyaje?» Nilicheka kwa aibu, nikajibu, «Mungu atasaidia.» Mpaka leo sijui kama swali lile lilinigharimu nafasi. Ninajua tu kwamba jibu langu halikusaidia.

Nimeuliza kwa wanaojua sheria. Kifungu cha 14 cha Katiba kinaziagiza mamlaka za nchi kuondoa kila namna ya ubaguzi dhidi ya mwanamke, na sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 juu ya haki za mwanamke na usawa imefuata njia hiyo hiyo. Kanuni ya Kazi ya 2002 inakataza kumdai mwanamke anayeomba kazi apimwe mimba, isipokuwa kwa kazi chache ambazo mjamzito haruhusiwi kuzifanya, na inampa mama majuma 14 ya uzazi. Kanuni hiyo ni ya wenye mkataba. Mtumishi wa serikali ana sheria yake, basi kila mmoja aulize ipi inamhusu. Na kwa wale ambao bado wanaombwa barua ya ruhusa ya bwana: Kanuni ya Familia ilibadilishwa tarehe 15 Julai 2016. Zamani mke ndiye aliyehitaji ruhusa. Sasa ni mume na mke kupatana, wote wawili.

Lakini hatuingii mahojiano na kitabu cha sheria kichwani ili tumpige nacho mtu. Wakiniuliza tena juu ya watoto, nitajibu kwa kazi: «Januari nilirudi darasani mtoto akiwa na wiki sita. Mpaka Julai hakuna saa yangu iliyopotea bila kubadilishana na mwenzangu, na daftari liko hapa.» Kisha ninyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu kwangu.

Na lile la bahasha, na lile la «uje unione jioni». Yapo, tusijidanganye. Kuna mwenzetu aliyeambiwa kwamba dosie yake itazungumzwa vizuri zaidi hotelini kuliko ofisini. Hakwenda, alimwambia mama mwenyekiti wetu, na wawili kati yetu tukamsindikiza ofisini mchana, tukaketi kwenye benchi la nje mpaka alipotoka. Sijui kama ndivyo alivyopata kazi, ila aliipata. Yeyote mwenye safari kama hiyo aseme, benchi la nje tunalijua. Kwa matabishi msimamo wangu ni huu: anayenunua nafasi mwaka huu, mwaka ujao atakuja mwenye bei kubwa zaidi. Najua si wote mtakubaliana nami, na najua njaa inabishana vizuri kuliko mimi.

Nina hofu gani iliyobaki? Mwaka huu pia kuna mwenye leseni, nimesikia. Kwa darasa la saba na la nane gradua inatosha, lakini leseni ni leseni, na tangu chuo kiingie katika mfumo wa LMD wazazi hawajui tena karatasi ipi ni kubwa kuliko ipi. Nikiulizwa juu ya nini sina leseni, nitasema kweli: nilimaliza gradua, nikaolewa, nikazaa, na ada haikupatikana. Natumaini kuendelea. Sitaomba msamaha kwa hilo.

Mama mkwe wangu hapendi mambo haya. «Walikufukuza ndiyo wanakuuliza tena?» ananiuliza. Nimemweleza mara nyingi, ananisikiliza, kisha anarudia swali lake. Hata hivyo amekwisha kusema kwamba Alhamisi atamshika mtoto tangu saa kumi na mbili, nami nisirudi mbio kwa ajili ya kunyonyesha, atampa uji. Bwana yangu amenitengenezea kibao chepesi cha kubandikia ile karatasi ya saruji, maana sijui ukuta wa chumba kile una msumari au hauna.

Juzi jioni tulifanya yote tangu mwanzo mpaka mwisho, sebuleni. Mwenyekiti wangu wa miaka kumi na miwili alikunja mikono, akaniuliza kwa Kifaransa kwa nini kamati inichukue mimi na si mwingine. Nikajibu dakika mbili. Sikumtaja bwana yangu, sikutaja avenyu. Nilitaja 23 na tisa, nikataja majina mawili kati ya tisa. Mama mkwe, asiyejua Kifaransa, aliinua kichwa kutoka kwenye maharagwe. «Sikusikia hata neno,» akasema, «lakini safari hii hukucheka.»

Alhamisi nikitoka pale, wawe wamenipa jibu au wameniambia ningoje, nitapita soko la Kadutu kununua unga wa mandazi. Septemba bado ni siku kadhaa.